Shauri la matunzo ya mtoto: kwa nini afisa ustawi anauliza maswali mengi kabla ya kuamua

Siku ya Ustawi wa Jamii Duniani huadhimishwa Jumanne ya tatu ya Machi, na kila inapokaribia, malalamiko ya wakazi wa Moshi hurudi yale yale: nilipeleka shauri ustawi, mwenzangu akaitwa, tukaulizwa maswali, tukarudi nyumbani na hakuna aliyewekwa ndani. Machungu hayo tunayaelewa. Hata hivyo, ofisi ya ustawi si kituo cha polisi, na hili tumelieleza mara nyingi mno.

Kazi hii ina misingi yake. Mwaka 1957 Felix Biestek, padri wa Marekani, aliainisha kanuni saba za uhusiano wa mhudumu na mteja, ambazo hadi leo wanafunzi wa ustawi hufundishwa. Zinazozua manung'uniko zaidi ni tatu: kutomhukumu mteja, kumwachia ajiamulie, na kutunza siri zake. Afisa asipomkaripia baba mbele yako, hajanunuliwa. Baba aliyetukanwa haji kikao cha pili, na mtoto anabaki bila ada wala unga.

Msingi mwingine ni kumtazama mtu pamoja na mazingira yake. Chukua baba dereva wa bodaboda isiyo yake. Kila jioni anapeleka hesabu, yaani kiasi walichokubaliana, kwa tajiri mwenye pikipiki, kinachobaki ndicho chake. Mama anadai laki moja kila mwisho wa mwezi, baba anakubali kwa aibu, na mwezi wa pili hatoi kitu. Kosa liko kwenye mpango wenyewe: mtu anayepata kwa siku amepangiwa kulipa kwa mwezi, tena kiasi kilichotajwa kwa hasira. Afisa makini atauliza hesabu ni kiasi gani, siku ngapi pikipiki hulala gereji, bibi wa mtoto kule Kibosho ana migomba au ng'ombe wa maziwa, nani hubaki na mtoto mama akienda sokoni. Halafu watapanga malipo ya kila wiki, na ndizi na maziwa vihesabiwe kuwa mchango. Maswali hayo si umbea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka hata mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi.

Utaratibu ni huu. Chini ya kifungu cha 95 cha sheria hiyo, mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba mtoto ananyimwa haki zake anatakiwa kutoa taarifa serikali ya mtaa au kijiji, hata kama si ndugu. Taarifa ikifika kwa afisa ustawi, anamwita anayelalamikiwa, wanajadili, na uamuzi unatolewa kwa maslahi ya mtoto. Akikaidi, shauri linakwenda mahakamani. Mzazi aliyekiuka wajibu wake akitiwa hatiani, kifungu cha 14 kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Adhabu hiyo hutolewa na hakimu. Afisa hana mamlaka ya kutoza faini, kumfunga mtu wala kushika pikipiki yake, kwa hiyo tunaomba asishinikizwe kufanya hivyo.

Siri nayo ina mpaka. Yaliyosemwa kikaoni hayapelekwi kwa mjumbe wala kwa mchungaji, lakini mtoto akiwa anapigwa au kuingiliwa, afisa lazima achukue hatua, hata aliyesimulia akiomba yasitoke. Kwa hatari kama hiyo usisubiri kikao: piga 116 bila malipo, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi.

Unapokuja kufungua shauri, leta cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki, risiti za shule na za dawa, na ujumbe wa simu wa pesa ulizotumiwa. Usifute hata ule wa elfu tano; ndio unaoonyesha malipo yalianza kukatika lini.