Je, wajua kwa nini bingwa wa gofu hukosa mkwaju ambao hata mtoto angeuingiza?

Tarehe 1 Aprili 2012, katika uwanja wa Mission Hills ulioko Rancho Mirage, California, In-Kyung Kim wa Korea Kusini alifika kwenye shimo la mwisho la mojawapo ya mashindano makuu ya gofu ya wanawake akiwa amebakiwa na mkwaju mmoja wa takriban sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi. Kama mpira ungeingia, angekuwa bingwa. Mpira ulizunguka ukingo wa shimo, ukatoka upande wa pili, naye akaziba mdomo kwa kiganja kama mtu aliyepokea habari za msiba. Muda mfupi baadaye alishindwa na Mkorea mwenzake, Sun Young Yoo, katika shimo la kwanza la nyongeza.

Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, na mpira wenyewe haufiki milimita 43, kwa hiyo hapakuwa na tatizo la nafasi. Wala hapakuwa na tatizo la ujuzi, kwa kuwa wachezaji wa kulipwa huingiza takriban nusu ya mikwaju yao ya umbali wa mita 2.4, na chini ya mita moja ni nadra sana wakose. Mtu aliyepiga mkwaju wa namna hiyo maelfu ya mara tangu utotoni anaukosa siku ile tu anayouhitaji kuliko siku nyingine zote. Kwa nini?

Jibu linalotolewa haraka, hasa na watazamaji, ni kwamba mchezaji amepoteza umakini. Utafiti wa miongo mitatu iliyopita unaelekea upande wa pili kabisa, kwani mara nyingi mchezaji huyo alikuwa na umakini mwingi mno, tena ameuelekeza mahali pasipo pake, ndani ya mikono yake mwenyewe.

Mfikirie mama anayetoka kisimani na ndoo ya maji kichwani bila kuishika, huku akizungumza na jirani yake. Ukimsimamisha na kumwomba aeleze shingo yake inafanya nini hatua kwa hatua, kisha ukamtaka atembee akiichunga, maji yatamwagika. Ujuzi uliokomaa huondoka katika sehemu ya akili inayotumia maneno na kwenda kukaa mahali ambapo mwili hujiendesha wenyewe. Hofu inapoingia, mwenye ujuzi hujaribu kurudisha usukani kwenye maneno: weka kiwiko hivi, usikunje kifundo cha mkono, rudisha fimbo polepole. Kwa kufanya hivyo huvunja katika vipande kitendo kilichokwisha kuwa kizima.

Mwaka 2001, mwanasaikolojia Sian Beilock na mwenzake Thomas Carr walilionyesha jambo hili kwa kutumia mkwaju wa grini, yaani ule mkwaju wa taratibu unaopigwa kwenye nyasi fupi zinazozunguka shimo. Wachezaji wenye uzoefu walipoulizwa walichofanya katika mkwaju waliotoka kuupiga, walikumbuka mambo machache kuliko wanafunzi wapya. Hawakukumbuka kwa sababu hawakuwa wakijitazama. Miaka mitatu baadaye, Beilock na wenzake waliwataka wachezaji wapige haraka. Wanafunzi waliharibu, lakini wazoefu walipiga vizuri zaidi. Inaelekea methali ya haraka haraka haina baraka ilitungwa kwa ajili ya mwanafunzi, maana fundi aliyeiva huharibikiwa zaidi anapopewa muda wa kujikagua.

Na gofu hutoa muda mwingi mno wa kujikagua. Katika soka au tenisi mpira hukujia, nawe huna nafasi ya kutafakari hatima yako kabla ya kuupiga, ilhali katika gofu mpira umetulia na kukusubiri. Mzunguko wa mashimo 18 huchukua saa nne au zaidi, na katika saa hizo muda ambao fimbo inazunguka kweli ni wa dakika chache tu. Muda uliobaki ni wa kutembea, kungoja, kuhesabu na kujisemesha. Greg Norman wa Australia alianza siku ya mwisho ya mashindano ya Masters ya 1996, huko Augusta, akiwa mbele kwa mikwaju sita, katika mchezo ambao mshindi ni mwenye mikwaju michache zaidi, akatumia mikwaju 78 siku hiyo, na akamaliza nyuma ya Nick Faldo kwa mikwaju mitano. Kuporomoka kwa namna hiyo hakutokani na mkwaju mmoja mbaya. Kunahitaji muda, na mchezo huu unao wa kutosha.

Jinsi mtu alivyofundishwa nayo ina sehemu yake. Mwaka 1992, mtafiti Rich Masters aliwafundisha watu wasiojua gofu kupiga mkwaju wa grini kwa njia mbili. Kundi moja lilipewa maelekezo mengi ya kiufundi, na jingine lilijifunza bila maelekezo, huku likitakiwa kutaja herufi ovyo ovyo kwa sauti ili akili isipate nafasi ya kujitungia kanuni. Walipowekwa chini ya shinikizo, kwa kuahidiwa fedha na kuambiwa kwamba mtaalamu anawatazama, waliojaa kanuni ndio waliotetereka, na wale wa herufi waliendelea kufanya vizuri. Kwa maoni yangu matokeo hayo yanapaswa kuwatia wasiwasi makocha wanaompa mwanafunzi masahihisho saba katika somo la saa moja, kwa kuwa kila sahihisho ni sentensi ambayo mwanafunzi huyo atajisomea siku ya fainali.

Kuna mtego mwingine, nao umo katika neno "usi-". Mchezaji anasimama mbele ya bwawa, na mbeba fimbo wake, kwa nia njema, anamwambia: "Usipige majini." Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba ili akili iepuke jambo fulani, sehemu yake moja hulazimika kulitafuta jambo hilo muda wote, kuhakikisha kwamba halipo. Akili ikiwa na nafasi, kazi hiyo haileti madhara. Ikizidiwa na mzigo, yule mlinzi hugeuka kuwa ndiye anayetoa amri. Katika jaribio ambalo Wegner na wenzake walilichapisha mwaka 1998, watu walioambiwa wasiupitishe mpira mbele ya alama, huku wakitakiwa kushikilia tarakimu kadhaa kichwani, walielekea kuupitisha zaidi. Kwa hiyo msomaji anayecheza katika viwanja vya Muthaiga, Entebbe au Lugalo ana haki ya kumwomba mbeba fimbo wake amtajie mahali pa kupeleka mpira, na bwawa aliache bila kulitaja.

Hata wachezaji bora duniani hawapigi mkwaju uleule kwa moyo uleule. Devin Pope na Maurice Schweitzer walichunguza zaidi ya mikwaju milioni 2.5 ya grini iliyopigwa katika mashindano ya kulipwa ya Marekani na umbali wake kupimwa kwa miale ya leza, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Kila shimo lina idadi ya mikwaju iliyowekwa kuwa kipimo chake, nayo huitwa paa. Watafiti hao waliona kwamba mkwaju wa kuokoa paa huingia mara nyingi kuliko mkwaju unaofanana nao kabisa ambao ungemweka mchezaji mkwaju mmoja chini ya paa. Tiger Woods naye hakusalimika. Mtu anayepigania kupata hupiga kwa woga kidogo, na mpira wake huelekea kuishia kabla ya shimo, ilhali anayejikinga na hasara hupiga kwa nguvu inayotosha. Nyasi haziijui tofauti hiyo, na katika hesabu ya mwisho mikwaju yote miwili ina thamani moja. Tofauti imo katika mstari ambao mchezaji amejichorea kichwani kati ya faida na hasara.

Si kila tatizo la grini ni la mawazo, na haki inadai hilo lisemwe. Wapo wachezaji ambao mkono huruka wenyewe wakati wa kugusa mpira, hali inayojulikana kwa jina la yipsi. Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliihusisha kwa baadhi ya wachezaji na hitilafu ya neva inayoathiri misuli inayorudia kazi moja kwa miaka mingi, kama inavyowapata baadhi ya waandishi na wapiga vyombo vya muziki. Mjerumani Bernhard Langer alipatwa nayo zaidi ya mara moja, na kila mara alibadili namna ya kushika fimbo. Alishinda Masters mwaka 1985 na tena 1993. Kumwambia mtu wa namna hiyo atulize akili ni sawa na kumwambia mwenye kigugumizi azungumze vizuri.

Kwa wengine wote, dawa inatokana na chanzo cha ugonjwa. Ikiwa akili huharibu inapoachwa bila kazi, ipewe kazi iliyo nje ya mwili. Jack Nicklaus, mshindi wa mashindano makuu 18, amesimulia kwamba hakupiga mpira, hata mazoezini, kabla ya kuona kichwani mwake picha kamili ya mahali utakapoangukia na njia utakayopita. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary alipima macho ya wachezaji tangu miaka ya mwanzo ya 1990, akaona kwamba walio hodari hukaza macho kwenye mpira kwa takriban sekunde mbili hadi tatu kabla ya mkwaju, na huyaacha palepale kitambo kidogo hata baada ya mpira kuondoka. Macho ya wasio hodari hurukaruka, kutoka mpirani kwenda kwenye fimbo na shimoni. Hili linaweza kufanyiwa mazoezi na mtu yeyote, bila gharama yoyote.

Utaratibu usiobadilika kabla ya kila mkwaju unafanya kazi hiyohiyo. Kuvuta pumzi, kutazama shimo mara mbili, kurudisha macho mpirani na kupiga ni mambo madogo, lakini huujaza ule muda ambao hofu ingeutumia. Nao usirefuke siku ya fainali, maana sekunde za ziada ndizo zinazoyarudisha maneno. Jambo jingine ni kuzoea shinikizo kabla halijakukuta. Katika utafiti uleule wa 2001, waliofanya mazoezi mbele ya kamera hawakuporomoka walipowekwa katika hali ngumu baadaye. Ndiyo maana marafiki wanaowekeana dau la soda kwa mkwaju wa mita moja wanafanya mazoezi mazito kuliko wanavyodhani.

Kim mwenyewe alishinda Women's British Open mwaka 2017, huko Kingsbarns, Scotland. Lakini mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa Rory McIlroy wa Ireland Kaskazini. Mwaka 2011 alianza siku ya mwisho ya Masters akiongoza kwa mikwaju minne, akamaliza siku hiyo na mikwaju 80. Mwaka 2024 alikosa mikwaju miwili mifupi katika mashimo matatu ya mwisho ya US Open, akashindwa kwa mkwaju mmoja. Tarehe 13 Aprili 2025 alirudi Augusta akihitaji kuingiza mpira wa takriban mita moja na nusu kwenye shimo la 18 ili ashinde Masters kwa mara ya kwanza, na akaukosa. Alipokuwa akirudishwa kwenda kucheza tena shimo hilohilo la 18 dhidi ya Justin Rose, aliyekuwa amelingana naye kwa mikwaju, mbeba fimbo wa McIlroy, Harry Diamond, hakumkumbusha kiwiko wala kifundo cha mkono. Alimwambia kwamba kama siku ya Jumatatu asubuhi wangepewa nafasi hii, wangeipokea kwa mikono miwili. McIlroy alipiga mkwaju wake wa pili, mpira ukatua jirani na shimo, akauingiza, kisha akapiga magoti kwenye nyasi akilia.