Kipimo kimesema hakikuona, hakikusema hakuna

Mama anayenunua chungu sokoni Chake Chake hukigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia vizuri hukichukua, kikikoroma hukirudisha. Amekijaribu bila kukivunja. Kazi yetu wakaguzi ni hiyo hiyo, ila sisi tunagonga mabamba ya meli, boila na matangi ya mafuta. Na mlio hauelezi kila kitu: nazi ukiitikisa utasikia maji, hutojua kama imeoza.

Lawama tunayoizoea kwa wenye meli na boti ni hii: "Mlipima mkasema nzima, mbona imetoboka?" Chombo cha mawimbi ya sauti hupima unene wa bamba kwa muda ambao mwangwi unakwenda na kurudi. Kichwa chake ni kidogo mfano wa sarafu. Ukikiweka mahali mia, umepima mahali mia, basi. Kutu ya maji ya chumvi hailambi bamba sawasawa. Huchimba vishimo, na kishimo kimoja baina ya alama mbili za chaki kinatosha kuingiza bahari.

Rangi nayo hudanganya. Sauti hupita ndani ya chuma kwa takriban mita 5,900 kwa sekunde, ndani ya rangi haifiki nusu yake. Ukipima juu ya rangi ya milimita 1, chombo cha kawaida kinaweza kukuongezea zaidi ya milimita 2 za chuma kisichokuwapo. Vipo vinavyoiruka rangi kwa kulinganisha mwangwi mmoja na unaoufuata, lakini bamba lililoliwa sana huenda lisirudishe mwangwi wa pili. Kwenye boti za alumini sauti huenda kasi zaidi, kwa hiyo chombo kilichorekebishwa kwa chuma husoma pungufu. Kosa hilo angalau linatisha, haliliwazi.

Nyufa zina mambo yake. Dawa ya rangi inayopenya huonesha ufa uliofunguka juu tu. Ukizibwa na grisi, haunywi dawa. Unga wa sumaku, ule unaojikusanya penye ufa wa chuma kilichotiwa sumaku, hauna kazi kwenye alumini. Eksirei huona vyema mapovu ndani ya weldingi, lakini ufa mwembamba uliokingama mbele ya mionzi waweza kupita bila kivuli.

Na yupo binadamu, ndani ya tangi, saa saba mchana, kurunzi mkononi, jasho machoni.

Kwa hiyo ukipokea ripoti usikimbilie ukurasa wa mwisho wenye muhuri. Tafuta njia iliyotumika, kasoro ndogo kiasi gani ingeonekana kwa njia hiyo, na mahali ambapo mkaguzi hakufika. Mstari huu wa mwisho watu huuruka. Ukisomeka "chini ya injini hapakufikiwa", mwite fundi ang'oe vibao vya sakafu kabla boti haijateremshwa kutoka chelezoni: huko ndiko maji machafu hutuama mwaka mzima.