Gitaa la blues halilizwi na shetani

Ujumbe ule umerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp: wapigaji wa blues, muziki wa Wamarekani weusi, waliuza roho kwa shetani njia panda, ndiyo maana gitaa lao linalia kama mtu. Si kweli. Shika gitaa, piga uzi mwembamba, kisha usukume pembeni bila kuuachia: unakazika, sauti inapanda. Kilio ndicho hicho. Hata "Hide Away", kibao cha blues cha mpiga gitaa Freddie King, kisicho na uimbaji na kilichorekodiwa 1960, hakikutoka kwa shetani: kimeunganisha vipande vilivyokuwa vikipigwa tayari na wengine. Jina lake ni la baa ya Chicago. Wapiga gitaa wa rock wamejifunzia kibao hicho. Hadithi ya njia panda ni ya zamani Mississippi, jimbo la Marekani, na waumini wengi huko waliiita blues muziki wa shetani, ndipo watu wanapochanganya. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.