Je, sheria ya Uganda inazuia ripoti za kampuni kuwekwa kwenye wingu?

Wapo mameneja wa Kampala wanaoamini kwamba kampuni haiwezi kuhamishia ripoti na uchambuzi wake wa biashara kwenye wingu, yaani seva za mtoa huduma zinazofikiwa kwa intaneti, kwa kuwa sheria inakataza data kuvuka mpaka. Sivyo sheria inavyosema. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaruhusu taarifa binafsi kuchakatwa au kuhifadhiwa nje ya Uganda, mradi nchi inayozipokea iwe na ulinzi usiopungua ule wa Uganda, au mwenye taarifa awe ameridhia.

Tena sheria hiyo inahusu taarifa za watu, si kila tarakimu ya kampuni. Tuchukue ripoti ya msambazaji wa soda: idadi ya makreti yaliyouzwa Mbarara na Gulu kwa mwezi haimtambulishi mtu yeyote, hata ikihifadhiwa kwenye seva za Johannesburg au Cape Town, ilhali safu yenye majina ya wateja na namba zao za simu ndiyo inayobeba masharti. Mara nyingi safu hiyo haina kazi yoyote katika uchambuzi, na kwa maoni yangu iondolewe kabla ya kupakia chochote. Benki, bila shaka, ziangalie pia masharti ya msimamizi wao, Benki Kuu ya Uganda.

Kubaki na seva ofisini nako hakuikwepeshi kampuni: kompyuta iliyo chini ya meza ya mhasibu, ikiwa na orodha ya mishahara, inabanwa na sheria ileile.