Mdudu anayejifunika kinyesi

Kwa macho matupu, lava (mtoto) wa mbawakawa aitwaye Gratiana boliviana ni kama uchafu ulioganda kwenye jani. Mweke chini ya lenzi. Mkiani ana uma wa ncha mbili, na juu yake amerundika ngozi kuukuu alizojivua tangu aanguliwe, zikiwa zimeshikana na kinyesi chake mwenyewe. Mguse taratibu kwa ncha ya brashi: anainua mzigo wote na kuuelekeza ulikomgusa. Sisimizi mwenye nia mbaya huanza kwa kuonja mavi. Mimi hucheka kila mara.

Akikomaa anakuwa mbawakawa bapa, kijani kama jani, urefu wa milimita 6 hivi, kingo za mabawa zimetandaa hadi miguu inafichika. Kobe mdogo.

Kwao ni Argentina, Brazil, Paraguay na Bolivia, na chakula chake ni kimoja tu: Solanum viarum, ndugu wa ndulele wetu. Miiba hadi juu ya majani. Tunda bichi lina mabaka kama tikiti, likiiva linakuwa njano. Mmea huu ulionekana Florida, Marekani, mwaka 1988. Ng'ombe wakayapenda matunda, mbegu zikatoka nzima kwenye mavi yao, malori ya mifugo yakazifikisha majimbo mengine. Malisho yakawa vichaka vya miiba.

Mwaka 2003 mbawakawa wetu akaachiliwa Florida ili aushambulie mmea huo. Hapo ndipo watu huniuliza: akiumaliza mmea huo, si atahamia kwenye biringanya? Wana haki ya kuuliza, maana biringanya ni wa jenasi (kundi la mimea ya karibu) hiyohiyo, Solanum. Ndiyo sababu kwanza alijaribiwa kwa mimea zaidi ya 100. Alipofungiwa na biringanya peke yake aliidonoa kidogo, lakini katika mashamba ya wazi huko kwao hakuishughulikia. Binafsi naliamini zaidi shamba kuliko kizimba. Mwenye njaa hana miiko.

Kusini na katikati ya Florida amefanya kazi nzuri: majani yametobolewa kama chekeche, mmea umedumaa, matunda yamepungua. Kaskazini ndiko anakoshindwa. Baridi humfanya ajifiche chini ya majani makavu, na akija kuzaliana tena, mmea umeshamtangulia. Huko wafugaji bado wanafyeka na kupiga dawa.