Kiini cha Atomu Kinavyokokotolewa: Kutoka Florini-18 hadi Risasi-208

Hospitali za Nairobi zinazochunguza saratani kwa mashine ya PET hutumia florini-18, ambayo nusu ya viini vyake huoza kila baada ya dakika 110. Kwa sababu muda huo ni mfupi mno, dawa hiyo haiwezi kuwekwa akiba ghalani. Hutengenezwa jirani na mgonjwa kwa kurusha protoni kwenye maji yenye oksijeni-18. Protoni moja huingia ndani ya kiini cha oksijeni, neutroni moja hutoka, na oksijeni inakuwa florini. Baadaye, mwilini mwa mgonjwa, florini hiyo hutoa positroni, chembe kama elektroni lakini yenye chaji chanya, na kurudi kuwa oksijeni-18 ile ile iliyotengenezwa nayo. Viini hivi viwili vina chembe 18 kila kimoja, lakini kimoja hudumu na kingine huoza. Kueleza tofauti hiyo kwa hesabu, kabla hata ya kwenda maabara, ndiyo kazi ya nadharia ya viini.

Kila kiini kina mpangilio mmoja wa protoni na neutroni ulio na nishati ndogo kuliko mipangilio mingine yote. Hiyo ndiyo hali yake ya chini kabisa, na ndiyo hali ambamo karibu viini vyote vinavyotuzunguka vimetulia. Mtaalamu wa nadharia hutafuta sifa za hali hiyo: tungamo la kiini, nusukipenyo chake, umbo lake, spini yake (namna kinavyojizungusha), na nishati inayohitajika kung'oa neutroni moja au protoni moja kutoka humo.

Tungamo ndilo huja kwanza, kwa kuwa tungamo la kiini huwa dogo kuliko jumla ya matungamo ya chembe zake. Kilichopungua kimegeuka nishati iliyoondoka chembe ziliposhikana, nayo huitwa nishati ya mfungamano na hupimwa kwa megaelektronivolti, yaani MeV. Oksijeni-18 ina takriban MeV 139.8, na florini-18 ina takriban 137.4, kwa hiyo oksijeni ndiyo iliyoshikana imara zaidi. Oksijeni ina protoni 8 na neutroni 10, kwa hiyo kila chembe ina mwenzake wa aina moja. Florini ina 9 na 9, na pande zote mbili hubaki chembe moja isiyo na mwenza. Nukleoni, jina la pamoja la protoni na neutroni, hufungamana vyema zaidi zikiwa mbilimbili. Ndiyo maana viini ambavyo hesabu zake zote mbili ni witiri, na ambavyo hali yake ya chini kabisa ni thabiti, ni vinne tu: haidrojeni-2, lithiamu-6, boroni-10 na naitrojeni-14.

Mwaka 1935 Carl Friedrich von Weizsäcker alitoa fomula inayokichukulia kiini kama tone la kimiminika. Inafaa tuifuate hatua kwa hatua, maana kushindwa kwake kunafundisha kama kufaulu kwake. Tuchukue chuma-56, chenye protoni 26 na neutroni 30. Kila nukleoni huchangia takriban MeV 15.8, na hivyo tunaanza na 885. Zilizo juu ya uso wa tone zina majirani wachache, kwa hiyo tunatoa 268. Protoni husukumana kwa umeme, tunatoa 121. Neutroni zimezidi protoni kwa nne, tunatoa karibu 7, kisha tunaongeza kama 2 kwa sababu chembe zote zina wenza. Tunapata takriban 491, ilhali maabara inasema 492.3. Kwa fomula ya sehemu tano tu, huo ni ukaribu wa kustaajabisha.

Sasa tuchukue risasi-208, yenye protoni 82 na neutroni 126, kwa viwango vile vile. Fomula inatoa takriban MeV 1,628. Kipimo ni 1,636. Kiini hiki kimefungamana kwa takriban MeV 8 zaidi ya inavyotarajiwa kwa tone. Mtu anaweza kusema kwamba kosa la nusu asilimia si kitu. Kwa maoni yangu hapo ndipo fizikia yenyewe ilipo, kwa sababu MeV 8 zinatosha kung'oa neutroni nzima kutoka kwenye risasi hiyo, na kwa sababu kosa hili halitokei ovyo. Hujirudia kila idadi ya protoni au ya neutroni inapokaribia 2, 8, 20, 28, 50, 82 au 126. Mwaka 1949 Maria Goeppert Mayer na, kwa upande wake, Hans Jensen na wenzake walionyesha kwamba namba hizi zinaeleweka ikiwa nukleoni hukaa katika matabaka, na ikiwa nishati ya kila moja inategemea sana namna spini yake ilivyoelekeana na mzunguko wake ndani ya kiini. Kwa kazi hiyo Mayer na Jensen walituzwa Nobel mwaka 1963, pamoja na Eugene Wigner aliyetuzwa kwa kazi nyingine.

Lakini matabaka hayo hutoka wapi, ikiwa ndani ya kiini hakuna kitu cha katikati kinachozivuta nukleoni? Huundwa na nukleoni zenyewe, na jambo hili ndilo msingi wa mbinu ya wanafizikia Hartree na Fock. Kompyuta huanza na makisio ya namna nukleoni zilivyosambaa. Kutokana na msambao huo hukokotoa mvuto ambao kila nukleoni inaupata kutoka kwa wenzake. Chini ya mvuto huo hutafuta mahali pa kila nukleoni, na hivyo kupata msambao mpya. Msambao mpya hurudishwa mwanzoni, na mzunguko huendelea mpaka unaoingia na unaotoka visitofautiane tena. Kisha hesabu hurudiwa kiini kikiwa kimelazimishwa kurefuka au kubonyea, na umbo lenye nishati ndogo kuliko yote ndilo la hali ya chini kabisa: risasi-208 hutoka ikiwa duara, uraniamu-238 hutoka imerefuka. Programu kadhaa za aina hii zimechapishwa wazi. Kwa kiini cha duara, kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Nairobi humaliza kazi kwa muda mfupi tu, na ningependa kuona wanafunzi wetu wengi zaidi wakiifanya, kwa kuwa uwanja huu hauhitaji kwanza kununua mtambo wa mabilioni.

Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba kani baina ya nukleoni imeandikwa kwa vigezo kama kumi, ambavyo hurekebishwa hadi vilingane na viini vilivyokwisha kupimwa. Modeli zikiwa kati ya viini hivyo hukubaliana vizuri. Zikisogea kwenye viini vyenye neutroni nyingi mno, ambavyo hakuna aliyewahi kuvipima, huanza kutengana. Kwa hiyo utabiri wa huko usioandamana na kadirio la kosa lake haustahili kuaminiwa, hata uwe na tarakimu nyingi kiasi gani. Oksijeni ni mfano mzuri. Hesabu zilizotumia kani za nukleoni mbilimbili peke yake zilitabiri kwamba oksijeni-28 ingeshikamana, ilhali ya mwisho kushikamana ni oksijeni-24. Pengo hilo lilianza kuzibika pale kani inayotenda kwa nukleoni tatu kwa pamoja ilipoingizwa.

Swali linalotushughulisha sana leo ni unene wa ngozi ya neutroni, yaani kiasi ambacho neutroni zimeenea nje kuliko protoni. Mwaka 2021 maabara ya Jefferson, Marekani, ilitangaza kwamba ngozi ya risasi-208 ni takriban femtomita 0.28 (femtomita ni sehemu moja ya milioni bilioni ya mita), nene kuliko modeli nyingi zilivyotarajia. Kipimo hiki kinagusa hata nyota za neutroni, yaani mabaki mazito mno ya nyota zilizolipuka, kwa sababu msukumo unaozisukuma neutroni nje ya risasi ndio pia unaosaidia kuizuia nyota isiporomoke. Kenya ina nafasi katika historia ya nyota hizo: setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ndiyo iliyobaini mipigo ya eksirei ya Centaurus X-3, inayojirudia karibu kila sekunde 4.8 na kutoka kwa nyota ya neutroni.

Ngozi nene kwenye risasi humaanisha nyota pana zaidi. Hata hivyo, mwaka 2022 maabara hiyo hiyo ilipima kalsiamu-48 na kupata ngozi nyembamba, takriban femtomita 0.12, na modeli zinazoridhisha kipimo kimoja hutatizika kuridhisha kingine. Ama mojawapo ya vipimo kiko kwenye ukingo wa mipaka yake ya kosa, ama katika maelezo yetu ya kani kuna sehemu inayokosekana. Mjini Mainz, Ujerumani, kunaandaliwa kipimo kipya cha risasi-208 kitakachokuwa na mipaka finyu zaidi ya kosa, na utabiri wa modeli zinazoshindana umekwisha kuandikwa.