Kupasha moto domeini mpya ni nini, na kwa nini imeli zako zinaangukia spamu

Kuna dada ana gesti Area C hapa Dodoma, alilipia domeini yake ya .co.tz (jina lake la mtandaoni), akafunguliwa imeli ya ofisi yenye jina la gesti, na siku ya pili tu akatuma tangazo la vyumba na ukumbi wa semina kwa anwani elfu tatu na kitu alizookoteza huku na huku. Nyingi zikarudi, zilizofika zikaingia spamu, yaani folda ya barua taka, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba hata proforma ya mteja wake wa siku zote ilizama humo humo, mteja akasubiri akachoka akalala kwingine. Akanipigia kuuliza kama seva imeharibika. Seva ilikuwa nzima kabisa, shida domeini haikupashwa.

Kupasha domeini moto maana yake ni kuanza kutuma imeli chache kwa watu wanaokufahamu, halafu unaongeza taratibu kwa wiki kadhaa mpaka kina Gmail, Yahoo na Outlook wakuzoee na kukuamini. Jina linakufanya uwaze wachezaji wanaopasha misuli pale Jamhuri kabla ya mechi, ila mimi naona inafanana zaidi na kuhamia mtaa mpya. Umehamia Nkuhungu leo, jioni unaenda dukani kwa Mangi unataka unga kilo kumi na mafuta kwa mkopo, lazima akukatalie, na wala hujamkosea kitu, ni vile hakujui. Nunua kwa cash wiki mbili tatu, leo vocha kesho sukari nusu, akuone unasalimia na unalipa, utashangaa mwenyewe anakuandika kwenye daftari.

Sasa Gmail ana daftari lake, Yahoo lake, Outlook lake, na hawaazimani. Kwa hiyo ukipasha kwa watu wa Gmail peke yake, siku ukiwaandikia wa Outlook bado wewe ni mgeni. Wanachoangalia ni watu wanafanya nini na imeli yako: wanajibu? wanaitoa spamu na kuirudisha inboksi? au wanaifuta bila kusoma, au wanabonyeza kwamba ni spamu? Na anwani zilizokufa nazo zinakuharibia sana, maana mtu anayetuma kwa anwani ambazo hazipo anaonekana kanunua orodha mahali.

Ila kabla hujatuma hata moja, vitambulisho kwanza. Viko vitatu na vinawekwa kwenye DNS ya domeini, yaani orodha ya mtandaoni inayoeleza taarifa za domeini yako: SPF inataja seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM ni sahihi inayoonyesha barua haijachezewa njiani, DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyofeli hivyo viwili. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza, anayetuma kwa wingi (kwa Gmail ni kuanzia imeli 5,000 kwa siku) lazima awe na vyote vitatu, aweke njia rahisi ya mtu kujitoa, na malalamiko ya spamu yasifike 0.3%, yaani watu watatu kwa kila elfu moja. Wewe mwenye duka au gesti hufiki huko lakini weka vyote tu, ni kazi ya nusu saa. Na kosa ninalokutana nalo kila mara ni SPF mbili, moja kaweka mtu wa hostingi (kampuni inayokuhifadhia imeli na tovuti), nyingine imeongezwa siku mlipojiunga na huduma ya kutuma matangazo, mkidhani mbili ni bora kuliko moja, kumbe zikiwa mbili zote zinahesabika mbovu. Zinatakiwa ziunganishwe ziwe mstari mmoja.

Baada ya hapo mimi huwa naanza na imeli kama ishirini kwa siku, za watu wa kweli: wateja wa zamani, wasambazaji, mhasibu wenu, ndugu walio maofisini kule Mtumba. Andika kitu kinachohitaji jibu, mfano muulize mteja kama bado anataka chumba cha tarehe fulani, kwa sababu jibu lina uzito kuliko kufunguliwa tu. Ukiona zinafika, wiki inayofuata nenda arobaini, kisha sabini, mia, hivyo hivyo, usiruke toka hamsini mpaka elfu moja hata kama bosi anakusukuma. Wiki nne mpaka nane ni kawaida. Zikianza kurudi au kuangukia spamu simama, rudi idadi ya nyuma, ukae hapo siku kadhaa.

Zile programu za kupasha zenyewe, ambazo akaunti za mashine zinaandikiana na kujibizana, mimi siwashauri watu. Mangi hakujengei imani kwa sababu umejilipa mwenyewe.

Yule dada tulimwondolea anwani zote alizookoteza, tukabaki na wageni waliowahi kulala kwake kweli, tukaanza upya na wachache. Kubadilisha hostingi kusingemsaidia, maana doa linaifuata domeini popote inapohamia.

Na ukishapasha usiiache ipoe. Nawaambia sana wenzetu wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wanaouza kwa oda, huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, sasa wao wakimaliza msimu wananyamaza miezi, halafu mavuno yakija wanafyatua mamia ya imeli kwa siku moja na wanaonekana wageni tena. Hapo katikati tuma chache kila wiki, hata picha ya shamba na bei unayotegemea, na mavuno yakikaribia anza kuongeza wiki tatu kabla ya kukata kichala cha kwanza.